Shajara ya mradi: kuanzisha kijarida cha barua pepe cha shirika

14 Januari 2025: Kijarida ni cha nani

Shirika letu husomesha watu wazima kusoma na kuandika, na kazi karibu yote iko mikononi mwa wajitoleaji. Miaka yote habari zetu zimetumwa kwa njia moja: katibu huandaa faili la PDF la kurasa nane, huliambatisha kwenye barua, huweka anwani za watu wote kwenye nakala fiche, kisha hutuma kutoka anwani yake binafsi ya bure. Hatukuwahi kujua ni nani amelipata. Anayesoma kwa simu analazimika kuuvuta ukurasa huku na huku ili amalize safu moja ya maandishi.

Kikao cha kwanza hakikugusa kompyuta. Tulianza na swali la msomaji, na kila kitengo kikaja na wake: wanachama, wafadhili, wanafunzi wa zamani, maofisa, waandishi wa habari. Mimi nilishikilia kwamba mfadhili anayetaka kujua fedha zimetumikaje na msomeshaji anayetafuta zamu ya jioni hawawezi kuandikiwa aya moja. Mabishano yalikuwa marefu, na naona yalistahili urefu huo. Tulikubaliana kwamba msomaji wetu ni mtu anayejitolea sasa au aliyewahi kujitolea. Wafadhili wataandikiwa barua yao. Kila toleo litamwomba msomaji jambo moja tu, kwa ajili ya darasa linalojulikana.

30 Januari: Orodha ya anwani

Hatua hii ndiyo iliyotuuma zaidi. Tulikuwa na majedwali ya miaka mingi: daftari za mahudhurio, fomu za semina, kadi za watu waliokutana nasi kwenye maonyesho. Ukiyajumlisha unapata orodha nene inayopendeza machoni pa kamati. Lakini mtu aliyeandika anwani yake ili apewe cheti cha semina hakuomba kuandikiwa kila mwezi.

Sheria hazifanani kila mahali. Ile ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, ilianza kutumika Mei 2018 na inamtaka anayetegemea ridhaa aweze kuithibitisha. Ya Marekani ya mwaka 2003 kuhusu barua za biashara inataka barua iwe na anwani halisi ya posta, na anayeomba kuondolewa aondolewe ndani ya siku 10 za kazi. Tuliona ni salama kufuata lililo kali kuliko yote, kwa kuwa hatujui wasomaji wetu wamehamia wapi.

Tuliacha kabisa majedwali yasiyokuwa na neno lolote la ridhaa. Waliobaki, yaani wanachama hai, tuliwaandikia barua fupi ya maandishi matupu: tunaanza kijarida, kitakuja mara moja kwa mwezi, ukikitaka bonyeza hapa, usipobonyeza hatutakuandikia tena. Wengi hawakubonyeza. Orodha ilipungua kiasi kwamba mjumbe mmoja alipendekeza turudishe majina yote ya zamani.

Sababu ya kukataa ilikuwa ya kiufundi pia, na hii ndiyo iliyomshawishi. Anwani iliyoachwa kwa muda mrefu inaweza kufungwa na mtoa huduma, kisha kufunguliwa tena kama mtego. Hakuna mtu nyuma yake. Ipo kwa ajili ya kumnasa anayetumia orodha chakavu. Ukiiandikia mara chache tu, jina lako kama mtumaji linaharibika, na hata barua za waliokubali zinaanza kuangukia kwenye barua taka.

Kuanzia sasa anayejiandikisha kwenye tovuti anatumiwa kwanza barua ya kuthibitisha. Asipobonyeza kiungo kilichomo, haingii kwenye orodha. Siku za mwanzo zilituonyesha faida yake: watu huandika "gmial" badala ya "gmail", au humalizia kwa ".con". Anwani kama hizo zinaishia mlangoni. Kwenye ukurasa unaotokea baada ya kujiandikisha tumeongeza sentensi inayoonyesha anwani kama ilivyoandikwa na kumwomba mtu aikague.

Gharama: hakuna fedha. Muda ulikwenda kwenye kusafisha majedwali, tena mwingi.

12 Februari: Kuthibitisha kikoa

Anayetaka kuiga mradi huu asiruke hapa. Barua nzuri inayoingia kwenye barua taka haimfikii mtu.

Jambo la kwanza lilikuwa kuacha ile anwani ya bure. Tangu Aprili 2014 Yahoo ilitangaza kwamba barua inayodai kutoka yahoo.com huku ikitumwa na seva isiyo yake ikataliwe, na watoa huduma wengine wakafuata. Kwa hiyo ukitumia huduma ya kutuma barua kwa wingi na ukaweka anwani ya bure kama mtumaji, unajenga juu ya mchanga. Tuna kikoa chetu, yaani jina la tovuti yetu mtandaoni, na barua zitatoka huko.

Kikoa kinahitaji rekodi tatu kwenye DNS, yaani orodha ya mtandaoni inayoonyesha kikoa kinatumia seva zipi. SPF inataja seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM inaweka saini kwenye kila barua ili mpokeaji ajue haikubadilishwa njiani. DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini barua ikishindwa vipimo hivyo, na inakuletea ripoti. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinazitaka zote tatu kwa wanaotuma kwa wingi, na Gmail huhesabu wingi kuanzia barua 5,000 kwa siku. Sisi hatukaribii kiwango hicho, lakini hata mtumaji mdogo anatakiwa awe na SPF au DKIM, na kuweka zote tatu hakuongezi kazi kubwa.

Jaribio la kwanza lilikataliwa. SPF ilisomeka vizuri kwa macho, lakini kipimo kilisema kuna hitilafu ya kudumu. Chanzo chake: kikoa kilikuwa na rekodi ya SPF ya zamani kwa ajili ya barua za ofisi, na maelekezo ya huduma mpya yalisema tu "ongeza rekodi hii". Tukawa na mbili. Kikoa hakiruhusiwi kuwa na SPF zaidi ya moja. Zikiwa mbili mpokeaji hachagui iliyo sahihi, anazihesabu zote kuwa mbovu. Kwa hiyo hata barua za kawaida za ofisi zilianza kuyumba. Dawa ni kuziunganisha ziwe mstari mmoja:

v=spf1 include:seva-ya-ofisi include:seva-ya-kijarida ~all

(Majina hayo ya seva ni ya mfano, kila huduma inakupa lake.) Angalia pia idadi ya hizo "include", yaani maelekezo ya kwenda kusoma rekodi ya kwingine. SPF inamruhusu mpokeaji kuuliza DNS mara 10 tu, na "include" moja inaweza kubeba nyingine tatu ndani yake.

DKIM nayo ilikwama. Tulinakili jina la rekodi lote, pamoja na kikoa mwishoni, lakini ukurasa wa kusimamia DNS huongeza kikoa wenyewe. Rekodi ikawa na jina la kikoa mara mbili, mahali ambapo hakuna seva itakayokwenda kuitafuta. Kwa kuwa ukurasa huo huficha nusu ya pili ya jina, hitilafu haikuonekana hadi tulipouliza DNS kutoka nje. Andika sehemu ya mbele tu, ile inayoishia na "_domainkey".

DMARC tuliianza kwa "p=none", maana yake angalia na uniletee ripoti, usizuie chochote. Tutakaza baadaye.

Gharama: ada ya huduma ya kutuma, ambayo kwa orodha ndogo kama yetu ni sifuri, na ada ya kikoa tuliyokuwa tukiilipa tayari.

4 Machi: Kiolezo

Kiolezo cha kwanza kilichorwa na mwenzetu mwenye mkono mzuri sana wa usanifu, akakitoa kama picha moja ndefu. Kwenye skrini yake kilipendeza. Kwenye simu iliyozuia picha kilikuwa boksi jeupe. Msomaji wa skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti, hakukuta neno hata moja la kusoma. Kwa shirika linaloshughulika na kusoma, hilo halikukubalika. Tulianza upya kwa maandishi halisi, safu moja, upana wa pikseli 600, herufi kubwa za kutosha kusomeka bila kukuza, na kila picha ikapewa maelezo ya maandishi.

Wanaotengeneza kurasa za tovuti wajue kwamba barua ni dunia nyingine. Outlook ya Windows ya mtindo wa zamani, tangu toleo la 2007, imekuwa ikionyesha barua kwa injini ya Word, kwa hiyo mpangilio wa kisasa husambaratika na majedwali ya HTML, msimbo wa kurasa za tovuti, ndiyo yanayoshika. Nembo yetu nyeusi isiyo na usuli ilipotea kabisa kwenye simu zilizowekwa mandhari ya giza. Tuliizungushia ukingo mweupe. Kitufe tulikitengeneza kwa msimbo badala ya picha, ili kibaki hata picha zikizuiwa.

18 Machi: Toleo la kwanza

Limetoka. Mambo mawili yaliharibika, na yote mawili yalionekana baada ya kutuma.

La kwanza: pembeni mwa kichwa cha barua, kwenye kikasha, kuna mstari mdogo wa kijivu unaoonyesha maneno ya mwanzo ya barua. Wetu ulisomeka "Kama huoni barua hii vizuri bonyeza hapa". Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza waliyoiona wasomaji wetu wote. Kiolezo kilikuja nayo juu kabisa na hakuna aliyeitilia maanani. Sasa mstari huo tunauandika kwa makusudi, nao hukamilisha kichwa badala ya kukirudia.

La pili lilikuwa zito zaidi. Gmail hukata barua ambayo msimbo wake unazidi takriban KB 102 na kuweka kiungo cha kuona sehemu iliyobaki. Barua yetu ilikuwa fupi, haikupaswa kufika huko. Lakini makala zilinakiliwa kutoka programu ya kuandikia nyaraka na kubandikwa kama zilivyo, na kila aya ikaja na mzigo wa msimbo wa fonti na nafasi usioonekana. Barua ikakatwa chini, na kilichokatwa kilikuwa sehemu ya mwisho, yenye kiungo cha kujiondoa. Msomaji asiyeona pa kutokea hubonyeza kitufe cha barua taka, na ana haki. Gmail inawataka watumaji wa wingi wabaki chini ya asilimia 0.3 ya malalamiko ya namna hiyo, na inashauri wasizidi 0.1. Kwenye orodha ndogo, watu wachache sana wanatosha kuvuka mstari huo.

Marekebisho: maandishi yote yanabandikwa bila mtindo, kisha yanapambwa ndani ya kiolezo. Kiungo cha kujiondoa sasa kipo chini na pia juu, karibu na jina la shirika. Kabla ya kutuma tunapima uzito wa msimbo.

Kuhusu idadi ya waliofungua: ilikuja kubwa na kamati ikafurahi. Ilinibidi nieleze kwa nini sitaiweka kwenye taarifa. Kufunguliwa huhesabiwa kwa kipicha kisichoonekana kinachopakuliwa barua inaposomwa. Tangu Septemba 2021, kwa iOS 15 (mfumo wa simu za iPhone), programu ya barua ya Apple Mail inaweza kupakua picha hizo yenyewe, mtu awe amesoma au hajasoma. Kwa upande mwingine, anayezuia picha husoma yote bila kuhesabiwa. Namba hiyo haituambii kama darasa limepata msomeshaji. Tutahesabu waliobofya kitufe na waliojibu.

9 Aprili: Kuandika upya

Toleo la kwanza lilifika lakini halikuleta watu. Nilikaa na mratibu wa madarasa tukalisoma kwa sauti, na tatizo likasikika. Kichwa kilikuwa hiki:

"Kijarida Na. 1: Salamu kutoka kwa Mwenyekiti na Taarifa ya Shughuli za Robo ya Kwanza"

Aya ya kwanza ikaendelea: "Uongozi unapenda kuchukua nafasi hii kuwashukuru wadau wote kwa ushirikiano mkubwa waliouonyesha katika kipindi husika." Hapo msomaji hajaambiwa lolote, na skrini ya simu imeshajaa.

Toleo la pili tuliliandika hivi. Kichwa: "Darasa la jioni limebaki na msomeshaji mmoja". Mstari mdogo: "Jumanne na Alhamisi, kwa muda wa saa moja na nusu kila mara". Aya ya kwanza:

"Darasa la jioni lilikuwa na wasomeshaji watatu. Mmoja amehama, mmoja amejifungua. Aliyebaki anawagawa wanafunzi makundi mawili, na kundi moja hunakili herufi peke yake huku jingine likisoma naye. Tunatafuta watu wawili. Huhitaji kuwa mwalimu. Unahitaji kujua kusoma na kuwa na subira."

Kisha kitufe kimoja: "Nitakuja Jumanne". Tulijaribu kwanza "Bofya hapa", lakini anayesikiliza barua kwa msomaji wa skrini husikia viungo vikitajwa peke yake, na "bofya hapa" mara nne haimwambii chochote.

Salamu za mwenyekiti hazikufutwa. Zilihamia kwenye taarifa ya mwaka, na yeye mwenyewe alipoona aya ya darasa la jioni alikubali mara moja, jambo lililonipa moyo sana. Wasomeshaji walipatikana ndani ya wiki ile.

13 Mei: Anwani inayojibu

Huduma ilituwekea mtumaji aitwaye "noreply", yaani "usijibu". Tuliiondoa. Sasa jina linaloonekana ni la mratibu pamoja na la shirika, na ukijibu, barua inafika kwenye kikasha ambacho kuna mtu wa kukisoma. Mwishoni mwa toleo la tatu tuliuliza swali moja: ni somo gani wanafunzi wako wanalirudia mara nyingi kuliko yote?

Majibu yalitupa toleo zima la nne bila sisi kutafuta makala. Wasomeshaji wa madarasa yasiyojuana walitaja ugumu uleule wa kutenganisha herufi b na d, na kila mmoja alikuwa na mbinu yake. Tulizikusanya, tukawaomba ruhusa, tukazichapisha.

Onyo kwa anayeiga: majibu ni kazi. Kama hakuna wa kuyajibu ndani ya siku chache, usiulize swali. Sisi tumegawana zamu.

17 Juni: Watu waliojiondoa bila kujua

Wanachama kadhaa walilalamika kwamba hawapati tena kijarida. Mfumo ulisema wamejiondoa. Wao walisema hawajagusa kitu. Wote walitumia anwani za kazini, na wote waliondolewa sekunde chache tu baada ya barua kufika. Hakuna mtu anayesoma barua hadi chini kwa kasi hiyo.

Aliyebofya ni programu ya usalama. Makampuni mengi huweka mifumo inayofungua kila kiungo ndani ya barua kabla ya kumfikia mfanyakazi, ili kukagua kama kuna hatari. Kiungo chetu cha kujiondoa kilimtoa mtu papo hapo kikishafunguliwa, hivyo mkaguzi alimtoa kila aliyemkagulia. Tatizo hili linajulikana kiasi kwamba liliandikiwa kiwango chake mwaka 2017, RFC 8058: kitufe cha kujiondoa kinachoonyeshwa na kikasha chenyewe hutuma ombi la namna tofauti, la POST, ambalo mkaguzi anayefungua viungo tu hawezi kulituma. Ndicho kiwango Gmail na Yahoo zinachokitaka.

Tulifanya mambo mawili. Tuliwasha kujiondoa kwa kiwango hicho. Na kiungo cha chini sasa kinafungua ukurasa wenye kitufe kimoja cha kuthibitisha, bila nenosiri wala maswali. Waliotolewa tuliwaandikia mmoja mmoja kutoka anwani ya ofisi, tukaomba radhi, tukawapa kiungo cha kujiandikisha upya.

Tukio hili lilitufundisha kutilia shaka hata hesabu ya waliobofya. Viungo vyote vya barua vikibofywa kwa sekunde moja na anwani moja, hatuhesabu. Kipimo kinachobaki imara ni aliyefika darasani, na mratibu sasa huandika kwenye fomu ya mjitoleaji mpya alisikia wapi.

22 Julai: Ripoti za DMARC na usafi wa orodha

Ripoti za DMARC zimekuwa zikija kila siku kama mafaili ya XML ambayo hayasomeki kwa urahisi. Tulitumia zana ya kuyageuza jedwali, tukakuta seva tusiyoitarajia ikituma kwa jina letu. Haikuwa mhalifu. Ni fomu ya maombi ya wanafunzi kwenye tovuti, iliyowekwa zamani, inayotuma barua za kuthibitisha moja kwa moja kutoka seva ya tovuti. Tungekaza DMARC siku ya kwanza, waombaji wangekosa barua hizo na hakuna ambaye angejua. Fomu sasa inatuma kupitia huduma ileile yenye saini, na tumepandisha DMARC hadi "p=quarantine", maana yake barua inayoshindwa vipimo itengwe kama barua taka.

Orodha tumeiwekea utaratibu. Barua iliyorudi kwa sababu anwani haipo, ile yenye namba ya kosa inayoanza na 5, inaondolewa mara moja. Iliyorudi kwa sababu ya muda, yenye 4, kama kikasha kujaa, inajaribiwa tena. Ambaye hajabofya wala kujibu kwa matoleo sita anaandikiwa barua moja kumuuliza kama bado anataka, akinyamaza tunamwondoa. Hatutumii kufunguliwa kuamua hilo, kwa sababu zilizoelezwa kwenye toleo la kwanza.

Kinachofuata ni barua ya kumkaribisha aliyejiandikisha leo, maana kwa sasa anaweza kungoja karibu mwezi mzima kabla ya kusikia lolote. Rasimu ipo: inamtajia madarasa yaliyo wazi, siku zake, na jina la mratibu atakayempokea. Itajaribiwa Agosti.